Ukumbi Mzima Ulijibu Hapana

Jumatatu ya kwanza ya Juni nilifika kazini nikakuta simu zote mbili za dawati la msaada zinalia kwa pamoja. Mwenzangu Jostein alikuwa ameibana moja kati ya sikio na bega. Mkono mmoja ulikuwa unachapa, na mwingine umeshika kikombe cha kahawa ambayo hajapata nafasi ya kuinywa. Alinionyesha skrini kwa kidevu. Malalamiko yalikuwa yamejaa hadi chini, na yote yalisema jambo moja: mtandao wa chuo unakataa nenosiri.

Chanzo tulikijua, au tulidhani tunakijua. Mwishoni mwa wiki kompyuta za wanafunzi zilikuwa zimepokea sasisho kubwa la mfumo endeshi. Masasisho ya namna hiyo huja na vituko vyake. Kibodi hubadili lugha, printa hupotea, na watu hupiga simu wakitulaumu sisi kana kwamba tuliliandika sasisho hilo jikoni kwetu. Jostein alikuwa na tiba yake ya siku zote. Alimpa kila mpigaji nenosiri jipya, akamtakia siku njema, akapokea simu nyingine. Nilimwuliza kama tiba hiyo inaponya. Alisema hajapata muda wa kuwauliza wagonjwa.

Kisha ofisi ya mitihani ikapiga. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wameketi katika ukumbi mkubwa kwa ajili ya mtihani wa hesabu za dawa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia kwenye mtandao. Mtihani ulipaswa kuanza saa tatu. Kanuni ilisema kwamba usipoanza kabla ya saa nne, unafutwa na kufanywa tena Agosti. Afisa aliyepiga alizungumza kwa upole sana, na upole huo ndio ulionitia hofu. Nilitoka mbio nikiwa na ndara zangu za ofisini, nikakatiza uwanja ambao bado ulikuwa na kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Kila kokoto niliisikia.

Sikuwa nakimbia kwa sababu ya kazi tu. Katika ukumbi ule alikuwemo Solfrid, binti anayepanga chumba cha chini nyumbani kwangu. Kisiwa cha kwao, Ternholm, kilikuwa kinampoteza muuguzi wake anayestaafu mwezi huo huo. Manispaa ilikuwa imemwahidi Solfrid nafasi hiyo kwa sharti moja: awe amefaulu mtihani huu kabla ya Juni kwisha. Bila hivyo, kituo kingefungwa na wagonjwa wangesafirishwa kwa boti hadi bara, hata kwa kidonda cha kidole. Agosti ingekuwa imechelewa.

Mtihani wenyewe hauna msamaha. Anayekosa swali moja amefeli, kwa sababu mgonjwa hapewi dozi iliyo karibu na sahihi. Majira ya baridi Solfrid alikosea koma moja ya desimali, akafeli. Tangu hapo alikuwa akikokotoa miligramu mezani kwangu, mkate wa jibini la kahawia ukikauka kando yake, hadi na mimi nikaanza kuota matone ya dawa.

Mlangoni mwa ukumbi nilimkuta Bi Borghild Aune, msimamizi mkuu wa mtihani. Wasimamizi wetu wote ni wastaafu, na Bi Borghild ndiye wanayemwogopa hata wastaafu wenzake. Alikuwa amevaa sweta iliyofungwa vifungo vyote, na miguuni pake kulikuwa na kikapu kilichojaa simu za watahiniwa. Nilimweleza kwamba nimetoka dawati la msaada na nahitaji kuzungumza na wanafunzi.

“Hapa ndani, mwanangu, mwenye ruhusa ya kusema ni mimi,” alisema. “Milango imefungwa. Wewe ukiwaambia neno moja, kesho kuna atakayesema uliwanong'oneza majibu.”

“Majibu yenyewe siyajui, Bi Borghild. Hesabu ilinishinda tangu shule ya msingi.”

“Basi utakuwa umewanong'oneza majibu mabaya. Ndiyo mbaya zaidi.”

Kwa kanuni alikuwa sahihi, na nilijua kubishana naye kungekula dakika ambazo hatuna. Niliomba aniletee mtahiniwa mmoja tu na kompyuta yake, tukae kwenye ukumbi wa nje, na yeye mwenyewe asimame kati yetu. Alifikiri, akakubali. Aliingia, akanyoosha kidole kwenye safu ya mbele, na aliyeinuka akiwa amekumbatia kompyuta yake alikuwa Solfrid.

Niliona ni lazima niseme. Nilimwambia Bi Borghild kwamba huyu ni mpangaji wangu, ili asije akasikia baadaye.

“Mji mzima una duka moja la nyuzi,” alijibu. “Ukitaka mtu usiyemjua itabidi tungoje meli ya watalii. Anza.”

Tulikaa kwenye benchi. Uso wa Solfrid ulikuwa na mabaka mekundu mashavuni, lakini sauti ilikuwa imetulia. Nilianza na mambo ya kawaida. Mawimbi ya mtandao yalifika vizuri. Jina lake la mtumiaji lilikuwa sahihi. Nilimwomba aandike nenosiri lake kwenye kompyuta yangu ya kazi, na papo hapo likakubaliwa. Alipoliandika kwenye kompyuta yake, ilimjibu kwamba nenosiri si sahihi. Neno lile lile, vidole vile vile, jibu tofauti. Nilihisi nywele zinanisimama. Wengine husisimka wakiona mpira unakaribia goli. Mimi husisimka kitu kinapogoma bila sababu.

Simu yangu ikatetemeka. Alikuwa Jostein. Alisema ametoka kuzungumza na jengo la uhandisi, ng'ambo ya uwanja, ambako nako kulikuwa na mtihani. Wahandisi walikuwa na sasisho lile lile, mtandao ule ule, seva ile ile. Wote walikuwa wameingia tangu asubuhi na hakuna aliyelalamika.

Nikakata simu, nikamtazama Solfrid. Kama mitambo ni ile ile, kilichobaki tofauti ni watu. Nilimwuliza kama kompyuta yake ilimwonyesha jambo lolote geni tangu isasishwe.

“Ilituuliza swali jana, maktabani,” alisema. “Eti tunaiamini seva? Chini yake kulikuwa na mistari ya herufi na tarakimu.”

“Ukajibu nini?”

“Nikajibu hapana.”

“Na wenzako?”

“Wote hapana. Tulijadiliana kwenye kundi la darasa. Hakuna aliyekuwa amethibitisha ile namba, dada Gudny. Sisi hata kidonge cha maumivu ya kichwa hatumpi mtu mpaka mwenzako asome chupa na wewe usome chupa. Tukakubaliana tusubiri chuo kituambie.”

Nilicheka kwa sauti, na Bi Borghild akanitazama kana kwamba nimecheka kanisani. Sikuweza kujizuia. Picha nzima ilikuwa imenifungukia. Seva inayopokea majina na manenosiri yetu ina cheti chake, mfano wa kitambulisho anachoonyesha fundi umeme akibisha hodi. Kompyuta ikishakikubali mara ya kwanza, haiulizi tena. Sasisho lilikuwa limefuta kumbukumbu hiyo, na ndiyo maana kila kompyuta iliuliza upya. Wahandisi walibofya ndiyo bila kusoma na wakaendelea na maisha yao. Wauguzi walisoma, wakashauriana, wakafanya jambo la busara kuliko sote: walikataa. Kompyuta zao zikaikumbuka ile hapana. Tangu hapo zilikuwa zikiifungia seva mlango, na kwa sababu hazina maneno mengi, zilisingizia nenosiri. Jostein angeweza kugawa manenosiri mapya hadi Krismasi.

Nilipompigia na kumweleza, alisema wahandisi wake wangebofya ndiyo hata kama kidirisha cha swali kingekuwa kinaomba kumchukua bibi yao. Nilimwambia aache yote na aende chumba cha seva, asimame mbele ya mashine yenyewe, anisubiri kwenye simu.

Dawa sasa ilijulikana. Nilimwelekeza Solfrid afungue mipangilio, aitafute orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, aufute wa chuo, kisha aunganishe upya kama mgeni. Alifanya hivyo. Kidirisha kikatokea, kimebeba swali lile lile na mistari ile ile ya herufi na tarakimu. Nilitaka kupiga makofi.

“Sasa bofya ndiyo,” nilisema.

Solfrid hakubofya. Kidole chake kilisimama hewani.

“Nani amethibitisha hii namba?”

“Mimi. Ninayo hapa kwenye kompyuta ya kazi. Tazama, inafanana.”

“Wewe ni mmoja, dada.”

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne ilikuwa inakaribia kuliko nilivyotaka. Yule afisa mpole wa ofisi ya mitihani alikuwa ametokea mwisho wa ukumbi wa nje akiwa na karatasi mkononi, na sikuhitaji kuambiwa kwamba lilikuwa tangazo la kuahirisha. Binti huyu ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na alikuwa ameketi mbele yangu akikataa kunyoosha kidole chake nusu inchi. Nilitaka kumtikisa. Wakati huo huo nilifikiri kwamba siku nikilazwa, ningependa awe zamu.

“Jostein,” nilisema kwenye simu, “soma alama ya cheti, zile herufi na tarakimu, kutoka kwenye seva yenyewe. Polepole. Mimi sitakutajia kitu.”

Alisoma. Solfrid alifuatisha kwa kidole kwenye skrini, midomo ikicheza bila sauti. Herufi, tarakimu, herufi. Jostein alipomaliza, Solfrid alimwomba arudie mstari wa mwisho. Alirudia. Hapo ndipo binti akabofya ndiyo. Duara dogo lilizunguka, likasita, likazunguka tena, kisha ukurasa wa mtihani ukafunguka, mweupe, na jina lake juu.

Solfrid alitoa sauti ndogo kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilimshika Bi Borghild mkono, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu aliwahi kulifanya kazini.

“Mmoja,” alisema Bi Borghild. “Na hao mia na kitu?”

Hilo ndilo lilikuwa swali. Hatukuwa na muda wa kumtoa kila mtu kwenye benchi. Ilibidi wote wafanye kwa pamoja, na mimi sikuruhusiwa kusema. Nilimwuliza kama naruhusiwa kuandika ubaoni. Alisema kanuni inakataza kusema, na kuhusu maandishi iko kimya. Kisha akanyoosha sweta yake.

“Andika,” alisema. “Nitasoma mimi. Na huyo kijana wa kwenye simu abaki hapo hapo.”

Alimgeukia afisa wa mitihani, akamwambia ile karatasi aikunje kwanza. Afisa alisema saa ni saa. Bi Borghild akamwonyesha ile ya ukutani na kumweleza kwamba, kwa maoni yake, saa nne bado haijafika, na akitaka kubisha abishe na mkono wa saa. Afisa akaikunja.

Niliingia na chaki. Macho yote yalinifuata. Niliandika hatua kwa herufi kubwa: fungua mipangilio, futa mtandao wa chuo, unganisha upya, subiri kidirisha, usibofye kitu. Chini yake niliinakili alama ya cheti, mstari kwa mstari. Solfrid alikuwa amerudi kitini kwake, na ukurasa wake ulikuwa wazi mbele yake, lakini hakugusa chochote. Mtihani ulikuwa haujatangazwa kuanza.

Bi Borghild alishika kipaza sauti. Sikuwa najua wakati huo kwamba kabla ya kustaafu alifanya kazi katika kituo cha redio ya pwani, akiwasomea manahodha tahadhari za barafu, na kwamba kuna meli zilizobadili njia kwa sababu ya sauti ile. Nililijua hilo baadaye, lakini niliisikia sauti pale pale. Haikupanda wala kushuka. Kila neno lilitua peke yake. Alisoma hatua ya kwanza akanyamaza hadi vidole vyote vilipotulia, akasoma ya pili. Kwenye hatua ya nne vidirisha vilianza kutokea, safu kwa safu, na mwanga wa skrini ukabadilika kwenye nyuso zao.

Kisha aliweka simu yangu kando ya kipaza sauti na kuwatangazia watahiniwa kwamba sasa kutakuwa na uthibitisho wa watu wawili. Yeye angesoma kutoka ubaoni. Bwana aliyesimama mbele ya seva angejibu kwa alichokiona kwenye seva, na asingejibu kwa kubahatisha.

“Mstari wa kwanza,” alisema, akausoma.

“Sahihi,” ilijibu sauti ya Jostein, ikikwaruza, na mashine zikivuma nyuma yake.

“Mstari wa pili.”

“Sahihi.”

Waliendelea hivyo. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama, kila kichwa kikilinganisha ubao na skrini, na kila “sahihi” ilipotoka niliona mabega ya watu yakishuka kidogo. Katika kazi yangu nimebadilisha nyaya, nimefufua diski, nimewafariji maprofesa waliomwaga kahawa kwenye kompyuta zao. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakisoma namba ya cheti hadi mwisho. Nilijikuta nimesimama kwa vidole vya miguu.

“Mstari wa mwisho.”

“Sahihi.”

“Mwenye kuridhika abofye ndiyo,” alisema Bi Borghild. “Asiyeridhika anyooshe mkono.”

Kulitokea mlio mmoja wa mabofyo, mfupi, kama mvua ya mawe inayopiga bati na kuacha. Kisha kurasa nyeupe zikaanza kufunguka kutoka mbele hadi nyuma. Watu waliachia pumzi kwa pamoja. Kijana mmoja nyuma alinyoosha mkono. Nikamfuata mbio. Kumbe alikuwa amempigia Jostein asubuhi, akapewa nenosiri jipya, na sasa alikuwa anaandika la zamani. Nilimwonyesha kwa kidole alilokuwa ameliandika kwenye kiganja chake. Akaliandika, akaingia, akajipiga paji la uso.

Bi Borghild alitazama saa, akamtazama afisa mlangoni, akasema mtihani umeanza. Mkono mrefu wa saa ulikuwa bado haujagusa kumi na mbili. Ulikuwa umeikaribia kiasi cha kutia aibu, lakini haujaigusa.

Niliporudi dawatini tulibadilisha kila kitu. Jostein aliacha kugawa manenosiri. Tuliichapa ile alama kwenye karatasi, sote wawili tukaikagua na kutia sahihi, tukaenda kuibandika kwenye kila mlango wa chuo pamoja na maelezo ya kufuta na kuunganisha upya. Simu zilipungua, kisha zikaacha. Jostein alidai ni mara yake ya kwanza kusikia mlio wa jokofu la ofisi. Aliniambia pia kwamba wahandisi wawili wamempigia, wanataka kujua kile walichokikubali jana kilikuwa nini.

Nilichagua kwa makusudi kubandika karatasi ya mlango wa ukumbi mkubwa mwishoni, wakati watahiniwa wanatoka. Mtihani ule husahihishwa na kompyuta, na matokeo huonekana ukishakabidhi. Walitoka mmoja mmoja. Wengine walikuwa wanaruka ngazi, wengine wanatembea wakitazama sakafu. Solfrid hakuwemo. Nilibandua karatasi nikaibandika tena, ikiwa imenyooka zaidi. Bado hakuwemo.

Alikuwa wa mwisho kabisa. Alichukua simu yake kwenye kikapu, akamshukuru Bi Borghild, akaja kusimama mbele yangu. Mabaka mekundu yalikuwa yameshuka hadi shingoni.

“Nimehakiki kila jibu mara mbili,” alisema. “Ndiyo maana nimechelewa.”

“Na?”

“Yote.”

Nilimkumbatia pamoja na gundi na karatasi zangu. Alikuwa anacheka. Kisha alijitoa, akasema lazima apige simu sasa hivi, kabla hajaanza kulia. Tuliketi kwenye ngazi za nje, juani, theluji ya mwisho ikiwa bado kwenye kilele cha mlima ng'ambo ya maji. Alipiga Ternholm na kuweka sauti wazi ili nami nisikie. Aliyepokea alikuwa mama mmoja, afisa wa afya wa kisiwa. Solfrid alimweleza kwa sentensi mbili: amefaulu bila kosa, na leseni itatoka wiki hii.

Tulimsikia mama yule akiwapigia kelele watu wa ofisini mwake kwamba muuguzi amepatikana. Viti viliburuzwa, mtu akapiga meza, mwingine akauliza ni nani, akaambiwa ni yule wa nyumba ya kijani karibu na gati, akasema basi ni mtoto wa nyumbani. Kisha yule mama akarudi, akihema.

“Boti ni Alhamisi,” alisema. “Chumba tutakipaka rangi leo. Sasa sikiliza, mwanangu, kuna mzee hapa kwenye benchi tangu asubuhi, mguu umemvimba. Nimpe simu uzungumze naye?”

Solfrid alifuta macho kwa mkono wa sweta na kukaa wima.

“Leseni bado sina, kwa hiyo leo daktari wa bara apigiwe sasa hivi, asisubiri,” alisema. “Mguu uinuliwe juu ya kiti, na mzee asitembee. Mwambie Alhamisi nikishuka kwenye boti, wa kwanza nitakayemwona ni yeye.”